Matembezi ya ibada: anayekwenda taratibu kuliko wote atangulie

*Swali:* "Shikamoo mwinjilisti. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa vijana katika usharika mmoja wa Kanisa la Kilutheri, KKKT, hapa Moshi. Mwezi uliopita tulifanya matembezi ya ibada kwa mara ya kwanza, tulikuwa watu 34. Kusema kweli, ibada haikuonekana. Waliokuwa mbele walifika, wakapiga picha na kuwasha spika. Waliokuwa nyuma walifika wamechoka, na wengine wakarudi na bodaboda kabla ya kufika. Mzee mmoja wa kanisa ametuambia huo ni utalii, tuache. Mwingine anaogopa watu watasema tunakwenda kuabudu mlima. Sisi bado tunaona jambo hili lina baraka na tungependa liwe la kila mwezi. Tufanyeje liwe ibada na ushirika wa kweli? Na kina mama watu wazima wanaotaka kuja, tuwakubalie au tuwaambie wasubiri?"

Marahaba mwanangu. Amina, asifiwe sana.

Nianze na swali lako la mwisho, maana jibu lake ndilo litakaloamua mengine yote. Kina mama wakubalieni, tena muwapange mbele. Matembezi ya kanisa huwa ibada siku ile kundi zima linapokubali kwenda kwa mwendo wa yule anayekwenda taratibu kuliko wote. Msipofika hapo mtakuwa mnafanya mazoezi ya mwili yenye maombi mwanzoni na mwishoni.

Hili nililijua kwa uchungu. Kabla ya kwenda chuo cha Biblia nilifanya kazi mlimani, kwanza kama mpagazi, baadaye nikiongoza wageni. Kanuni ya mlimani naijua kama jina langu: kiongozi yuko mbele, pole pole, msaidizi wake anafunga nyuma, na hakuna mgeni anayempita wa mbele hata awe mwanariadha. Lakini siku ya kwanza niliyopewa kuongoza matembezi ya usharika, kule Uru, kanuni ile niliiacha nyumbani. Nilijiambia kwamba hawa si wageni, ni watu wa migombani, wamekulia kwenye vilima hivi. Vijana wakatimua mbio, nami nikawafuata. Tulipofika tuliimba, nikahubiri, tukafunga kwa Sala ya Bwana.

Vijana walikuwa wanakung'uta majani kwenye suruali zao, tayari kuondoka, alipotokea mama mmoja wa kwaya. Alikuwa amebeba kikapu chenye chupa ya chai na vikombe kumi na viwili vya plastiki, amevizungushia kanga visigongane njiani. Hakulalamika. Alikaa juu ya jiwe, akavua kiatu cha kushoto, akamwaga mchanga, akakivaa tena, kisha akaniuliza: "Neno lilikuwa lipi leo?" Nikamwambia Luka 15, kondoo aliyepotea. Akaitikia kwa kichwa. Gari lilikuwa linasubiri barabarani, na chai ile haikunywewa. Aliiteremsha kama alivyoipandisha.

Mama yule ameshalala katika Bwana. Kila ninapopanga matembezi namwona amekaa juu ya lile jiwe.

Basi fanyeni hivi. Watu wawili mnaojua kwamba wanakwenda polepole zaidi wawe mbele kabisa, pamoja na mtu mmoja anayeijua njia. Nyuma kabisa wawepo vijana wawili wenye nguvu, wamebeba mfuko wa huduma ya kwanza na maji ya akiba, na mtu yeyote asibaki nyuma yao kwa sababu yoyote. Anayetaka kujisaidia aseme, na wa nyuma wamsubiri. Kila njia panda kundi lote lisimame mpaka wa mwisho afike. Na hapa kuna kosa ambalo hata viongozi wazoefu hulifanya: wa mbele wanapumzika dakika kumi, wa mwisho anafika anahema, na papo hapo wa mbele wanasimama na kusema "haya twendeni." Aliyehitaji kupumzika kuliko wote ndiye aliyekosa. Mapumziko yaanze kuhesabiwa baada ya mtu wa mwisho kukaa chini.

Na wale wenye nguvu ambao mwendo huo utawakera? Wapeni mzigo. Kijana anayetaka kukimbia abebe kikapu cha mama, na madumu ya maji. Kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, awe wa kwanza kuvuka na asimame pale kunyoosha mkono mpaka watu wote wapite. Nimeona vijana waliokuja kwa ajili ya mazoezi wakibadilika kwa kazi hiyo tu ya kushika mikono ya watu penye maji. Sijui mahubiri yanayofundisha utumishi haraka kuliko hapo.

Watu 34 ni wengi mno kwa njia ya kihambani, inayopita katikati ya mashamba ya migomba ya watu. Mkitembea kwa mstari, kila mmoja akiacha mita mbili, mstari wenu una urefu wa karibu mita 70, na wa nyuma hawezi kusikia hata neno moja la wa mbele. Gaweni makundi ya watu 10 hadi 15, kila kundi na wa mbele wake na wa nyuma wake, muachane kama dakika kumi, mkutane kwenye vituo. Hesabuni watu kwa majina wakati wa kuondoka, katikati na wakati wa kurudi. Mkihesabu vichwa mnaweza kumhesabu mpita njia.

Kuhusu muda, kuna kanuni ya zamani ya wapanda milima, iliyotolewa mwaka 1892 na Mskoti mmoja, William Naismith: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni ya mtu mzima mwenye afya, peke yake, asiyesimama. Kwa kundi lenye kina mama na watoto mimi huhesabu kilomita 3 kwa saa, na muda wa kupanda nauongeza nusu. Chukua njia ya kilomita 6 yenye kupanda mita 300. Kwa Naismith ni saa moja na dakika 42. Kwa kundi lenu ni saa mbili za njia na dakika 45 za kupanda, halafu ongezeni vituo vinne vya robo saa, mnakaribia saa nne kasoro. Mkiondoka saa 12 na nusu asubuhi mtamaliza kabla ya saa 5, jua halijawa kali. Na saa hizo Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huwa bado inaonekana. Wewe ni mtu wa Moshi, unajua mawingu yakishapanda asubuhi huioni tena theluji mpaka jioni.

Kipimo cha mwendo ni rahisi. Wawili wa mbele wakiweza kuimba pambio wakati wa kupanda bila kukatika pumzi, mwendo ni sawa. Wakishindwa kumaliza ubeti, mnakimbia.

Sasa ibada yenyewe. Ushauri wangu wa kwanza ni mpunguze mahubiri. Najua nasema nikiwa mwinjilisti, lakini nusu saa ya mahubiri kwa watu waliosimama na jasho linawakaukia mgongoni inawaletea baridi tu. Soma Luka 24 taratibu, ile safari ya Emau, kama kilomita 11 kutoka Yerusalemu. Bwana anawakuta wawili wakitembea na huzuni yao, anawauliza wanazungumza nini. Wanasimama. Anawauliza tena, "Mambo gani?", naye anayajua kuliko wao. Anawaacha waseme yote, kuanzia kusulubiwa hadi habari za kina mama waliofika kaburini alfajiri, ndipo anafungua kinywa kueleza Maandiko. Huo ndio utaratibu wangu tangu niliposahihishwa na yule mama: kwanza watu waseme, halafu Neno, halafu mkate.

Kwa hiyo kusanyikeni uwanjani kwa kanisa lenu. Msianzie stendi, anzieni kanisani, hata kama mtapanda gari baada ya hapo, ili kila mtu aone kwamba ibada imetoka madhabahuni. Majina yasomwe, Zaburi isomwe, mwombe kwa kifupi. Zaburi za kupanda mlima ziko tayari kwa kazi hii: kuanzia ya 120 hadi ya 134, ni 15. Mkitumia moja kwa kila mwezi zinawatosha mwaka mmoja na miezi mitatu. Nyingi ni fupi. Ya 131, ya 133 na ya 134 zina mistari mitatu tu kila moja, mtu anaweza kuikariri kabla ya kituo cha kwanza. Waisraeli waliziimba wakipanda kwenda Yerusalemu kwenye sikukuu, kwa miguu, wazee na watoto pamoja. Mtakuwa mnaziimba zilikoimbiwa, njiani.

Kisha gaweni watu wawili wawili, na msiruhusu marafiki kwenda pamoja. Kijana wa kidato cha nne na mzee mstaafu, mama wa kwaya na yule kaka aliyehamia mtaani kwenu juzi. Wapeni swali moja la kuzungumza mpaka kituo kinachofuata, swali la kawaida tu: ni nini kimekulemea mwezi huu? Nani alikufundisha kuomba? Mtu hufunguka kwa urahisi zaidi akiwa anatazama njia kuliko akitazamwa usoni. Kwenye jumuiya tunakaa kwa duara, macho kwa macho, na wengi wanajibu "tunamshukuru Mungu" basi. Njiani, baada ya kilomita moja, mtu anakuambia kwamba mwanawe hajapiga simu tangu Krismasi.

Kila kituo wabadilishane. Na sehemu moja ya njia, bora ile yenye mwinuko mkali, itembewe kimya kabisa kwa robo saa. Huko pumzi za kuongea ni chache hata hivyo. Kimya kinawatisha vijana mwanzoni. Waambieni wahesabu mambo wanayoyasikia. Maji ya mfongo, mlio wa shoka mbali, ng'ombe wa zizini, jogoo aliyechelewa. Mapambio yaimbwe kwenye tambarare na mteremko.

Kituo cha maji ndicho nakipenda kuliko vyote, na hapo ndipo naweka toba. Mifongo yetu wazee waliichimba kwa mikono na kuigawana kwa zamu, familia hii asubuhi, ile jioni, na ugomvi mwingi wa ukoo hadi leo unaanzia kwenye maji na mpaka. Ukisimama juu ya mfongo na watu 12 na kusoma maneno ya kuungama dhambi, huhitaji kueleza sana dhambi ni nini.

Pale pembeni mtaona mmea wa isale. Vijana wengi siku hizi wanaliona kama ua la mpaka tu. Mwombeni mzee mmoja aeleze. Kwa Wachaga isale ni alama ya mpaka na pia ya kuomba msamaha: aliyekosa alipeleka jani la isale kwa aliyemkosea, na kukataa kusamehe baada ya kulipokea lilikuwa jambo zito mno. Katika matembezi fulani upande wa Kibosho mzee alieleza hayo tukiwa tumesimama kwenye kihamba cha mtu. Kati yetu walikuwepo wanakwaya wawili waliokuwa hawasalimiani tangu uchaguzi wa viongozi wa kwaya. Mmoja wao alimsogelea mwenye kihamba, akamwomba jani kwa sauti ndogo, akaruhusiwa. Halafu alisimama nalo mkononi muda mrefu, analipitisha kati ya vidole, mpaka wenzake wakaanza kuondoka. Mimi nilitangulia, sikutaka kutazama. Nilichokiona ni kwamba tulipofika kituo cha mwisho, jani lilikuwa limetumbukizwa kama kialamisho kwenye kitabu cha nyimbo cha yule mwingine. Hakuna aliyetoa ushuhuda, wala sikuomba.

Kituo cha mwisho kuleni pamoja. Ndizi mbivu, viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha, chai. Kila mtu alete kidogo na viwekwe pamoja juu ya kanga moja. Asiyekuwa na kitu asijulikane. Chakula cha Bwana chenyewe ni cha mchungaji wenu kuamua na kuhudumu, msijichukulie. Mkitoa sadaka, wahesabu watu wawili mbele ya wengine na ifike usharikani siku hiyo hiyo, kwa maandishi.

Nije kwa wazee wenu wawili.

Anayesema ni utalii, kwa matembezi ya kwanza alisema kweli, na ningekushauri umwendee umwambie hivyo. Lakini ibada ya nje yenyewe si mageni. Mwaka 1739, karibu na mji wa Bristol huko Uingereza, John Wesley, kasisi wa Kianglikana, alikwenda kuhubiri kwenye uwanja wa wazi. Aliandika mwenyewe kwamba kabla ya hapo angeona kuokoa roho nje ya jengo la kanisa ni karibu na dhambi. Aliyekuwa amemtangulia, George Whitefield, alikuwa tayari akiwahubiria wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, watu ambao kanisani hawakuingia. Wesley hakukuta jambo hilo kuwa rahisi, na aliendelea nalo maisha yake yote. Wakatoliki nao wana Njia ya Msalaba, vituo 14, na Ijumaa Kuu mnawaona wakiifanya barabarani hapa hapa mjini.

Na kuna jibu la karibu zaidi. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Kwa miaka mingi baada ya hapo kwenda ibadani kwenyewe kulikuwa matembezi: watu walitoka alfajiri, wakavuka makorongo, viatu mkononi ili visichafuke, wakivivaa karibu na kanisa. Mzee wenu huyo, kama ana miaka 70 na zaidi, huenda alikuwa mmoja wao. Mwulize alipita njia ipi. Halafu mwambieni matembezi yajayo yatapita njia hiyo, na kazi yake ni kuwasimulia. Akikubali mmempata, akikataa kwa sababu ya miguu, mpelekeeni gari mpaka kituo cha mwisho asimulie akiwa amekaa. Bruno Gutmann, mmisionari wao aliyefanya kazi Old Moshi hadi mwaka 1938, alisisitiza kwamba kanisa likue ndani ya ukoo, ujirani na rika ambavyo watu walikuwa navyo tayari. Wengine wamempinga kwa hilo na mengine, lakini kuhusu ujirani nadhani aliona mbali. Njia ya kihambani inapita mlangoni kwa watu. Mkipita mnasalimia, mnaambiwa nani amelazwa hospitali ya KCMC, mnaingia mnaomba naye dakika tano. Basi la kwenda semina halifanyi hivyo.

Wa pili, anayeogopa watadhani mnaabudu mlima, msimcheke. Ana sababu. Wazee wetu walimwita Mungu Ruwa, na neno hilo hilo ni jua. Marehemu walizikwa wakielekezewa Kibo. Anakumbuka vita ambavyo wazazi wake walipigana navyo moyoni walipobatizwa. Mjibuni kwa Zaburi 121 na muisome mpaka mwisho wa mstari wa pili. Wengi husoma "nitayainua macho yangu niitazame milima" wakaishia hapo, kana kwamba msaada unatoka mlimani. Swali linaulizwa, msaada wangu utatoka wapi? Na jibu ni kwa Bwana, aliyezifanya mbingu na nchi. Mimi nimefika kileleni, mita 5,895, zaidi ya mara moja kwa ajili ya kazi. Kule juu kuna baridi na mawe, na mtu anamwomba Mungu ateremke salama. Wekeni utaratibu mmoja wa kumtuliza mzee: wakati wa maombi msigeukie Kibo kwa makusudi, simameni kwa duara mkitazamana.

Mahali pa kwenda ni pengi na hamhitaji kupanda mbali. Machame, Nkwarungo, mnaweza kumalizia pale Walutheri walipoanzia. Kidia, Old Moshi, kadhalika. Maporomoko ya Materuni kule Uru, yenye urefu wa karibu mita 80, ni mazuri sana, ila kuna ada ya kijiji na siku za Jumamosi kuna watalii wengi. Kwa ibada nakushauri mbaki vihambani chini yake. Msitu wa Rau ni tambarare na karibu na mji, unafaa wenye magoti mabovu, lakini uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo ombeni kibali kwanza. Msiingie msitu wa juu ya vijiji. Tangu mwaka 2005 msitu ule umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na kuingia bila kibali ni kosa, hata mkiwa na Biblia mkononi.

Vibali vingine: mtendaji wa kijiji apate barua ya usharika yenye mhuri, ikitaja siku, saa, njia na idadi. Kundi la watu 15 wanaotembea vihambani sidhani kama kuna atakayeliita maandamano. Mkiwa wengi, na bendera na vipaza sauti barabarani, hilo ni jambo jingine: sheria ya polisi, Sura ya 322, inataka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo angalau saa 48 kabla. Ipelekeni mapema, mchungaji aisaini.

Spika iacheni nyumbani. Simu zizimwe mpaka kituo cha mwisho, isipokuwa ya wa mbele na ya wa nyuma. Picha moja ya pamoja mwishoni inatosha, na watoto wasipigwe bila wazazi kujua. Mavazi yatawaletea maneno, najua, hasa suruali kwa mabinti. Mimi nawaambia wavae suruali na juu yake kitenge au gauni pana. Anavuka mfongo bila wasiwasi na hakuna anayemsema akipita kwa watu.

Afya msiipitie juu juu. Mwenye kisukari ale kabla ya kuondoka na abebe kitu cha sukari; mwenye presha asiache dawa ya asubuhi; mwenye pumu pampu yake iwe mfukoni mwake, isiwe kwenye begi lililotangulia. Kila mtu lita moja na nusu ya maji. Wa nyuma wabebe chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, bandeji na plasta za malengelenge. Na jambo ambalo watu wengi hawalijui: goti bovu linaumia zaidi kuteremka kuliko kupanda. Kwa hiyo chagueni njia inayoishia penye barabara, na mkubaliane mapema na gari la kuwateremsha wenye magoti. Aliyepanda kwa nguvu zake na kurudi kwa gari ametembea. Fimbo kila mtu atoke nayo nyumbani. Msikate uzio wa mtu.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo wetu mwekundu unateleza kama sabuni na siafu wanatoka. Miezi hiyo fanyeni matembezi mafupi ya kutoka kanisa moja hadi jingine kwa barabara nzuri. Radi ikianza, ondokeni kwenye mgongo wa kilima na chini ya miti mirefu, ingieni kwenye nyumba ya mtu. Mito yetu hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha juu msituni wakati kwenu ni jua. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa na yanaongezeka, msivuke, rudini mlikotoka hata kama ibada haijaisha.

Usitangaze tarehe wala njia kwanza. Wiki hii nenda nyumbani kwa wale kina mama wanaotaka kuja, mmoja mmoja, ukae, unywe chai yao. Waulize huwa wanatembea umbali gani kwenda sokoni na kurudi, na wapi huwa wanapumzika. Umbali atakaokutajia mwenye umbali mfupi kuliko wote ndio urefu wa matembezi yenu ya mwezi ujao, na pale anapopumzika ndipo kituo chenu cha kwanza.